Aliye Juu ya Mdoriani wa Apai

Rumah Bakir, Ulu Delian
6 Juni 1995

Mdogo wangu Sulau,

Salamu ziko nyingi, chagua mwenyewe ya kuanza nayo. Mimi mzima. Wifi yako Chundi mzima, na mdomo wake ndio mzima kuliko sisi wote. Sikukuu ya Gawai imepita juzi. Tuak ya mwaka huu ilitoka chachu, lakini watu waliinywa na kuisifu, maana aliyeipika ni mke wa Bakir mwenyewe, na nani atamwambia mke wa mkuu wa nyumba kwamba pombe yake ni siki?

Nyumba yetu ndefu sasa ina milango kumi na mmoja tu inayowasha moto, kila mlango familia yake. Wengine wamehamia bondeni kwenye mashamba ya michikichi, wana umeme na choo cha kuvuta maji. Wakija kututembelea wanalalamikia giza, kana kwamba giza tumelileta sisi.

Msalimie Mengga. Mwambie shemeji yake bado anajua kucheka.

Sasa nisikilize. Tumeondoa matanga ya Apai mwezi uliopita. Nilikuletea habari, lakini najua posta yetu. Hata habari ya kifo chenyewe ilikufikia mzee ameshakaa ardhini miezi miwili. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba baba yetu sasa ni mtu wa upande wa pili kabisa, na Chundi amevaa tena shanga zake.

Lakini kuna jambo. Kule mahame, palipokuwa na nyumba ya babu kabla hatujazaliwa, mdoriani wa Apai bado umesimama. Nilipokwenda kufyeka chini yake nikakuta maias juu, nyani mkubwa, manyoya mekundu. Dume, Sulau. Zee la kiume, mashavu yametanuka kama nyungo mbili. Alikuwa anakula majani machanga, hana haraka na mtu. Nilipokohoa hakukimbia. Alinigeuzia mgongo akaanza kujikuna shingo, taratibu, vile vile alivyokuwa akifanya mtu mmoja tunayemjua ukimwuliza swali asilotaka kulijibu.

Unakumbuka wazee walivyosema: watu wa mto wetu hatumuui maias, kwa sababu hatujui tunamuua nani. Sisemi zaidi ya hapo. Nasema nilichoona.

Doriani zitaanza kuanguka Januari. Njia unaijua.

Kaka yako,
Langgai


Miri
20 Agosti 1995

Kaka Langgai,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa na kukauka, nadhani zaidi ya mara moja. Nilifurahi kuona mwandiko wako bado unapanda mlima kuelekea kulia.

Huku tunaendelea. Mengga anakusalimu sana. Yuko baharini kwenye mitambo ya mafuta, anarudi kwa nadra. Binti yetu Rinda ameolewa, yuko Bintulu, mume wake ni fundi wa mabomba, kijana mtulivu. Mimi nauza vitumbua vya sago asubuhi karibu na soko la samaki. Wateja wangu wengi ni wavuvi, wanakula wakiwa wamesimama na hawasemi asante, lakini kesho yake wanarudi.

Wifi yangu Chundi mpelekee salamu. Mwambie nimecheka peke yangu kwa ile habari ya mdomo.

Kuhusu yule wa kwenye mdoriani. Huku mjini wanawaita orangutani. Nimemwona mmoja kwenye kalenda ya duka la vyombo, kashika ndizi, kavalishwa kofia. Niligeuza macho. Nilihisi kama nimemkuta mtu wa ukoo wangu anachekwa sokoni.

Umesema alijikuna shingo. Kwa mkono upi?

Usidhani nitakuja. Safari ni ndefu, na vitumbua haviwezi kujikaanga vyenyewe. Nauliza tu.

Na jambo jingine nilitaka kuuliza tangu barua ile ya msiba, nikashindwa. Apai hakuacha neno lolote? Silo la urithi. Neno la kawaida tu.

Mdogo wako,
Sulau


Rumah Bakir
15 Oktoba 1995

Sulau,

Mkono wa kushoto.

Tu wazima. Pilipili manga imezaa vizuri, bei imezaa vibaya. Mpunga wa mlimani umeshapandwa. Mwaka huu tumepanda ng'ambo, pale palipokuwa na mti wa fenesi uliokuwa unakuogopesha. Nguruwe mwitu wameshaupitia mara moja. Nimewawekea uzio, nao wamekuja kuukagua.

Unanikuta na kazi mpya. Wazungu wanafika siku hizi mpaka huku, wanataka kutembezwa msituni wakaone maias. Bakir ananipa mimi kuwaongoza kwa sababu nina subira. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa makamo, mnene, viatu vyake vinang'aa. Nikasema huyu hatafika hata kwenye daraja la gogo. Njiani ruba walimvamia, wamemjaa mpaka kwenye kope. Anawabandua mmoja mmoja anawaweka kwenye jani, eti wasiumie. Tulikaa siku nzima chini ya mtini pori wenye matunda, hatukuona hata unywele. Saa ya kurudi akalia. Si kwa hasira. Aliniambia kwa kupitia mwenzake anayejua Kimalay kwamba amengoja siku hii tangu akiwa msichana, na kwamba angalau sasa anajua mahali wanapokaa. Nikafikiri sana juu yake.

Ule mgongo wa mlima uliokatwa na kampuni enzi zile umeota tena. Miti ni myembamba bado, kama miguu ya vijana, lakini imeshikana juu kwa juu na maias wameanza kupita. Mwambie Mengga. Labda atafurahi kujua kwamba trekta lake halikumaliza kila kitu. Msalimie sana.

Umeniuliza habari ya neno. Mzee hakuwa msemaji mwishoni. Unamjua.

Dume lipo. Kila mara nikipita lipo, limenipa mgongo. Mimi limenichoka. Labda wewe lingekugeukia.

Langgai


Miri
10 Desemba 1995

Kaka Langgai,

Salamu kutoka kwa wote. Mengga anawasalimu, amefurahi kwa habari ya mlima.

Mvua imeanza huku, bahari imechafuka na wavuvi hawatoki, kwa hiyo vitumbua vinabaki na mimi ndiye ninayevila. Rinda anasema nimenenepa. Rinda ana mimba ya miezi minne.

Nimesoma ile barua yako ya mwanamke wa ruba mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Naye ametoka ng'ambo ya dunia! Mimi natoka Miri.

Kaka, nikueleze kitu ambacho hatujawahi kukizungumza. Siku nilipoondoka, Apai alikuwa barazani anasuka kikapu cha henzirani. Alikuwa amesema usiku uliotangulia, mbele ya nyumba nzima, kwamba mwanamume anayeangusha msitu wetu kwa trekta la mtu mwingine hatalala nyuma ya mlango wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Mengga alikuwa na saa ya mkononi. Nilipita barazani na mkoba wangu. Nilisimama nyuma ya Apai. Nilimwambia, "Apai, naenda." Hakugeuka. Aliendelea kusuka. Nikashuka ngazi, nikaingia kwenye mtumbwi, na mpaka tunapinda kona nilikuwa naangalia ule mgongo.

Kwa hiyo ukiniambia kuna aliyekupa mgongo huko juu ya mti, usidhani nacheka.

Nitakuja Januari, baada ya tarehe kumi. Nitakuja peke yangu. Mengga hatapata likizo. Usimwambie mtu yeyote tarehe. Sitaki wapike, sitaki wapige ngoma. Nipeleke tu kwenye mdoriani, nikae chini yake, basi. Kisha nitarudi zangu.

Naogopa kidogo. Usimwambie wifi.

Sulau


Sri Aman
9 Januari 1996

Mdogo wangu,

Salamu. Nakuandikia kutoka mjini, nina shughuli kidogo huku na nitakaa kwa muda. Usije sasa. Mto umejaa, maji mekundu, magogo yanashuka kama nyati. Tuahirishe mpaka baada ya mavuno, nitakapokuwa nyumbani mwenyewe. Nataka niwe mimi wa kukupeleka. Chundi njia haijui vizuri, na anaongea mno, atawatimua wanyama wote.

Niliteleza kidogo kwenye daraja la gogo, lakini si jambo la kukutia wasiwasi. Msalimie Mengga.

Nijibu upesi kwamba umeipata barua hii.

Langgai


Rumah Bakir, Ulu Delian
21 Januari 1996

Kaka Langgai, uliyelala hospitalini,

Sikuipata barua yoyote ya kuniambia nisije. Chundi ananiambia uliandika. Basi itakuwa imelala chini ya mlango wangu Miri, inaningoja, nami niko hapa nimekalia mkeka wako na kutumia kalamu yako.

Kwanza nikugombeze. "Niliteleza kidogo!" Chundi anasema ndivyo ulivyoniandikia. Mfupa wa paja umevunjika, umebebwa kwa machela ya mianzi mpaka mtoni, umelia njia nzima (Chundi amesema, si mimi), na huyo ndiye mtu wa "kidogo." Na ulikuwa unakwenda kufanya nini kwenye daraja lile, mvua inanyesha? Kunitafutia maias. Siku nne mfululizo, Chundi anasema, unatoka alfajiri na kurudi umelowa, eti unataka kujua wamelala wapi ili mimi nisisumbuke.

Sasa nikuambie lililoniuma zaidi. Basi langu lilisimama Sri Aman karibu nusu saa. Nilishuka, nikanunua wali wa kwenye jani, nikala nimesimama kama wale wavuvi wangu. Nilikuwa nafikiria nitakuambia nini tukionana, kama nitakuita Kaka kwanza au nitacheka kwanza. Kumbe wewe ulikuwa umelala mtaa wa pili tu. Nilimaliza kukufikiria, nikafuta mikono, nikapanda basi nikakuacha.

Nilijua tukiwa mtumbwini katikati ya ziwa, kabla ya kuingia mtoni. Mwenye mtumbwi, kijana wa nyumba ya jirani, akaniuliza, "Na mguu wa kaka yako unaendeleaje?" Nikamwuliza mguu gani. Akapunguza injini, akanitazama. "Mama, nilidhani unatoka kumwona!" Nilimwambia ageuze. Akasema petroli haitoshi kugeuza, na mvua inakuja, na huko juu kuna watu walioniwekea chakula. Kumbe tarehe ilijulikana. Kaka, nilikuomba.

Hawakupiga ngoma. Walikaa barazani wote, wa milango kumi na mmoja, wamevaa nguo safi, wananitazama napanda ngazi. Bakir akasema tu, "Umechelewa, wali umepoa." Nikalia pale pale. Wifi yangu akanishika mkono akaniingiza ndani akasema, "Liache baraza, utalilowesha."

Tulikwenda mahame jana, Chundi na mimi. Nilikataa kungoja. Alisema, "Njia naijua kuliko yeye, yeye huwa anapotea na kuita kupotea huko uzoefu." Tulitoka ukungu haujapanda. Nilidhani miguu yangu ingekumbuka, lakini miguu yangu sasa ni ya lami. Nilianguka kwenye mteremko wa kwanza, nikaanguka kwenye wa pili. Henzirani ilinishika nywele, Chundi akaikata kwa panga huku anasema, "Msitu unakusalimia, wifi. Umekuvuta nywele kama shangazi." Pale kwenye daraja la gogo alinionyesha ulipoangukia. Nilivuka kwa makalio, nimelikumbatia gogo kama mtoto, naye ng'ambo anacheka mpaka kashika mti.

Ruba siwasemi. Nilijaribu kuwaweka kwenye jani kama yule mama wa kizungu. Nikashindwa kwa yule wa tatu.

Tulipofika kwenye ule mgongo wa mlima tulipumzika. Hondohondo walipita juu, mabawa yao yakivuma. Nilikuwa natazama miti ile myembamba, nikawa nasema kwa sauti, bila kufikiri, kwamba Mengga angeiona hii. Chundi akanyamaza. Unamjua, kunyamaza kwake ni habari.

Kisha akasema, "Wifi, acha sasa. Umechoka na mimi nimechoka."

Nikasema, "Nimechoka na nini?"

"Na Mengga. Yuko Sandakan, ana mke na watoto. Kijana wa Bakir alimkuta huko akiwa kwenye kazi za meli, miaka mitano iliyopita. Walikunywa kahawa pamoja."

Nikamwuliza, "Mmejua miaka yote hiyo? Na kila barua mnaandika msalimie Mengga, msalimie Mengga?"

Akasema, "Nilitaka kukuandikia mimi. Kaka yako akakataa. Akasema, akitaka tujue atatuambia mwenyewe. Mpaka siku hiyo, asalimiwe."

Basi nakuambia mwenyewe, kaka. Aliondoka miaka sita iliyopita, na saa yake ya mkononi. Sikuja hata baada ya msiba kwa sababu ningepanda ngazi zile peke yangu na kila mtu angehesabu kwamba Apai alisema kweli. Niliipata barua yako ya msiba, nikaiweka chini ya mto, nikaenda kuuza vitumbua. Ndivyo nilivyomzika baba yangu.

Tulifika mahame jua likiwa juu. Nguzo za nyumba ya babu zimebaki mbili, zimeota uyoga. Nilimsikia kabla ya kumwona. Lilianguka ganda la doriani, pu, halafu jingine. Chundi akanivuta nyuma ya mzizi mpana. Kule juu majani yanatikisika, na katikati ya majani wekundu ule, Kaka, kama kutu inayowaka juani. Moyo wangu ulikwenda mbio hata nikadhani utamtisha.

Akajitokeza, akajining'iniza kwa mkono mmoja. Hakuwa dume. Hana mashavu ya ungo. Ni mama, bado kijana, na ubavuni ameshikiliwa na mtoto mwenye nywele zilizosimama kama aliyetoka usingizini. Mama alipasua doriani kwa meno, mtoto akaingiza mkono kinywani mwake, akachomoa kipande alichokwisha kukitafuna, akala. Mama hakukasirika. Akapasua lingine.

Halafu akatuona. Alitoa sauti kama mtu anayebusu mkono wake kwa hasira, akaanza kuvunja matawi na kutuvurumishia. Chundi akapiga mluzi, ya nini sijui. Mama akajibu kwa kukojoa. Wifi yangu alikuwa chini yake barabara. Leo amefua mara tatu na bado anakaa peke yake barazani.

Nilipomaliza kucheka nilimwuliza, "Na lile dume liko wapi?"

Akaniambia, "Dume gani, wifi? Huku hatujaona dume tangu kabla mzee hajaanza kuugua."

Nikakaa chini. Chundi akaja kukaa karibu, ananuka, nami sikujali. Akasema, "Amekudanganya kwa sababu la kweli lilimshinda kuandika." Ndipo akaniambia habari za mwaka wa mwisho wa Apai. Kwamba aliomba akalazwe barazani, upande wa mtoni, ingawa upepo ulimkohoza. Kwamba kila injini iliyolia chini ya kona aliuliza, "Ya nani hiyo?" Mkimjibu ni ya Bakir, ni ya mwalimu, ni ya mwenye duka, alikuwa anasema "Haya," analala. Ikilia nyingine anauliza tena. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Aliuliza injini tu.

Kwa nini hukuniandikia hilo? Najua. Nami nisingekuandikia.

Tulikaa pale mpaka yule mama alipotuzoea au alipotuchoka. Alikula, akamlaza mtoto tumboni, akavuta matawi akayakunja chini yake mpaka yakawa kitanda, wakapumzika. Sikumwona Apai. Nilitazama sana, Kaka, nilimtafuta kwenye mikono yake, kwenye shingo. Hakuwa yeye. Alikuwa maias tu, mwenye maisha yake na mwanawe, asiyenijua. Na sijui kwa nini, lakini nilifurahi kwamba hakuwa mtu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nililia bila kuogopa mgongo wa mtu yeyote.

Mvua imeanza tena. Karatasi imeisha upande huu. Kula wanachokupa.

Mdogo wako,
Sulau


Sri Aman
30 Januari 1996

Sulau,

Mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe, kama nguruwe anayengoja Gawai. Wauguzi ni wazuri. Mgonjwa wa kitanda cha pili ni mzee wa Saribas anayekoroma kwa zamu mbili. Hizo ndizo habari zangu.

Barua yako nilimpa muuguzi anisomee kwa sababu miwani nimeiacha kwenye dirisha la jikoni. Alipofika pa mkojo alishindwa kuendelea. Alipofika pa injini alishindwa tena.

Mengga simsalimu.

Sasa Chundi anajua mengi, lakini si yote. Dume nililiona. Mara moja. Ilikuwa asubuhi ya pili baada ya kumzika Apai. Nilikwenda peke yangu kuoga, upande wa juu ambako watu hawafiki. Nikainua kichwa, nikaliona ng'ambo ya mto, chini, kwenye mchanga, ambako wao hawashuki ovyo. Zee kubwa. Lilikuwa linakunywa maji kwa kuchovya mkono wake wenye manyoya na kuyanyonya yanayochuruzika. Lilinitazama. Sikukohoa, sikujifunika. Lilipomaliza kunywa likapanda. Basi.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia Chundi angeniuliza lilikuwa na ukubwa gani, lilitoka upande gani, na kabla ya jioni nyumba nzima ingekuwa na jibu. Mgongo niliuongeza mimi. Mdoriani niliuongeza mimi, na kushoto pia, kwa sababu uliuliza nikaona ukiuliza mkono upi basi utakuja. Lakini kule kunitazama sikukuongeza. Lilinitazama kweli, na nikafikiri, Sulau ndiye angepaswa kusimama hapa.

Daktari anasema mguu utapona ila utakuwa mfupi kidogo. Kupanda mlimani mwaka huu sahau. Mpunga unakaribia kuiva, na Chundi ana mikono miwili tu. Bakir amekuja kuniona, akakaa, akazungukazunguka, mwisho akasema kule michikichi bado kuna nyumba mbili tupu, na kwamba mlango usiovuna hauwezi kuwasha moto. Hakusema kwa ubaya. Nimemwambia nitafikiri. Nafikiri.

Wewe rudi kwako kabla mto haujajaa tena. Rinda atakuhitaji. Umekuja, umeona. Inatosha kwangu, au nitaizoesha itoshe.

Langgai


Rumah Bakir
11 Februari 1996

Kaka,

Sote wazima. Chundi hanuki tena.

Bakir nimemjibu mimi. Nilikwenda barazani kwake jioni, nikakaa, sikuzungukazunguka. Nilimwambia mlango wetu utavuna. Akanitazama mikono akasema, "Hii mikono ya vitumbua?" Nikamwambia imeshika kikaango cha moto miaka mingi, suke la mpunga halitaitisha. Akacheka, akaniwekea tuak. Kweli ni siki.

Tumeanza kukata juzi, upande wa juu wa shamba. Mgongo unaniuma mahali nisipojua kwamba nina mgongo. Rinda nimemwandikia, nimemwambia akijifungua nitakwenda, na mtoto akishika shingo nitamleta huku, aione nyumba ya bibi yake, aumwe na ruba. Chumba cha Miri nimemwachia jirani. Kikaango nimemwambia anitumie.

Jana tukiwa shambani alipita maias kwenye miti myembamba ya ule mlima, mbali, peke yake, hatukujua ni dume au ni jike. Nilisimama na kisu mkononi mpaka akapotea. Chundi akaniita, "Wifi, mpunga uko huku."

Usijibu barua hii. Jumamosi kuna mtumbwi unashuka, nami nimo. Nitapanda basi la kwanza, na safari hii nikishuka Sri Aman sitanunua chakula. Sijui wodi yako iko upande gani, wala sijui kama utanitambua, miaka ishirini na mbili si kidogo. Nimenenepa, nina mvi, na sasa nachechemea kwa ajili ya kuvuna. Ukiona mwanamke amesimama mlangoni anaangalia kitanda hiki na kitanda kile, usimwonee haya yule mzee wa Saribas. Niite. Niite kwa nguvu.

Sulau